Je, Wajua? Ukurasa Unaoongea kwa Mikono

Mtoto anayesikia hujifunza kusoma kwa macho na masikio kwa wakati mmoja. Mama anasoma hadithi, kidole chake kinapita chini ya maneno, na sauti inamfikia mtoto huku macho yake yametulia kwenye picha ya sungura. Mtoto kiziwi hapati nafuu hiyo. Mikono ya mwalimu ikianza kueleza, inambidi auache ukurasa aitazame mikono. Akiurudia ukurasa, mikono imeshampita. Macho yake yanabeba kazi ya viungo viwili, na hayawezi kutazama pande mbili kwa mara moja.

Ndiyo maana uhalisia ulioongezwa, teknolojia inayoweka picha za kompyuta juu ya vitu halisi unavyoviona kupitia kamera ya simu au miwani maalumu, imewavutia walimu wa viziwi katika nchi kadhaa. Watu wengi wanaijua kwa michezo, au kwa zile picha za kujibandika masikio ya paka. Katika darasa la viziwi ina kazi nzito zaidi: kuliweka neno lililochapwa na alama yake mbele ya macho, mahali pamoja.

Je, wajua kwamba mmoja wa wahusika mashuhuri wa kazi hii ni mtoto wa mbwa?

Mnamo Desemba 2018 kampuni ya Huawei ilitoa programu ya simu iitwayo StorySign, ikishirikiana na Umoja wa Viziwi wa Ulaya, wachapishaji wa Penguin, na Aardman, studio ya Bristol iliyotengeneza filamu za Wallace na Gromit. Kitabu cha kwanza kuingizwa kilikuwa Where's Spot? cha Eric Hill, kilichotoka mwaka 1980. Humo mama mbwa anamsaka mwanawe nyumba nzima, na msomaji anafunua vipande vya karatasi ili achungulie nyuma ya mlango au chini ya kitanda. Mtoto anafungua kitabu cha kawaida cha karatasi na kushika simu juu yake. Kamera inautambua ukurasa, na kikaragosi aitwaye Star anatokea kwenye kioo akisimulia kwa lugha ya alama. Maneno yanang'aa kadiri alama zake zinavyotolewa. Kung'aa huko ndiko ninakokupenda kuliko yote. Video ya kawaida ya mkalimani humwacha mtoto akibahatisha wamefika wapi kwenye ukurasa, hapa anaonyeshwa.

Programu hiyo ilianza na lugha kumi za alama, na orodha yake inafundisha kitu. Mtoto wa London na mtoto wa Dublin wanaweza kusoma kitabu kilekile, kwa Kiingereza kilekile, lakini Star alilazimika kuandaliwa mara mbili, kwa sababu lugha ya alama ya Uingereza na ile ya Ireland hazielewani. Ya Ireland ina undugu na ya Ufaransa. Vivyo hivyo Uholanzi na Wabelgiji wa Flanders: maandishi ni ya lugha moja, mikono ni ya lugha mbili. Shirikisho la Viziwi Duniani linazungumzia lugha za alama zaidi ya 300 duniani kote. Kwetu pia, kitabu cha Kiswahili kinaweza kuvuka mpaka wa Namanga na kusomwa pande zote mbili, lakini Lugha ya Alama ya Tanzania na ile ya Kenya ni lugha mbalimbali, na Uganda ina yake. Anayedhani atatengeneza programu moja ya viziwi wa Afrika Mashariki nzima na kumaliza kazi hajaanza hata kuielewa.

Simu inaujuaje ukurasa?

Haiusomi kama mtu. Programu inatafuta kwenye picha ya kamera zile pembe, kingo na madoa ambamo mwanga na giza vinapishana kwa ukali, kisha inavilinganisha na kumbukumbu ya kurasa iliyopewa. Ikipata ulingano, inakokotoa kitabu kiko umbali gani na kimelala kwa pembe ipi, na inarudia hesabu hiyo mara nyingi kila sekunde ili kikaragosi kisipotee kitabu kikisogezwa. Kwa hiyo ukurasa wenye michoro mingi hutambulika haraka kuliko ukurasa mweupe wenye sentensi moja katikati. Darasa lenye giza huisumbua kamera, na karatasi inayong'aa dirishani huisumbua zaidi.

Lipo tatizo jingine ambalo mtengenezaji anayesikia hulisahau kirahisi. Mtoto aliyeshika simu kwa mkono mmoja amebakiwa na mkono mmoja wa kuongea. Hawezi kuirudia vizuri alama aliyoiona, hawezi kumuuliza mwenzake swali, na mwalimu akimtaka ajibu inabidi kwanza aiweke simu chini. Kishikilizi cha bei ndogo cha kusimamishia simu juu ya dawati, hata cha mbao kilichotengenezwa na fundi wa mtaani, kinaweza kumfaa kuliko simu ya bei kubwa.

Teknolojia yenyewe si changa kama wengi wanavyodhani. Ivan Sutherland alionyesha Marekani mwaka 1968 kifaa cha kuvaa kichwani kilichochora mistari ya kompyuta mbele ya chumba halisi. Kilikuwa kizito kiasi cha kuhitaji kuning'inizwa darini. Mwaka 2001 Mark Billinghurst, Hirokazu Kato na Ivan Poupyrev walieleza kazi yao iitwayo MagicBook: kitabu cha kawaida ambacho, kikitazamwa kupitia kifaa maalumu, picha zake ziliinuka kutoka kwenye kurasa. Wazo la kitabu cha karatasi kilichoongezewa uhai lilikuwepo kabla ya simujanja kuenea mifukoni mwetu.

Je, wajua kwamba mkono na herufi viliwahi kuwekwa pamoja kwenye ukurasa miaka 400 iliyopita?

Mwaka 1620 Juan Pablo Bonet alichapisha mjini Madrid kitabu cha kuwafundisha viziwi, chenye michoro ya mkono katika maumbo mbalimbali, kila umbo na herufi yake. Kabla yake, katika karne ya 16, mtawa Pedro Ponce de León alikuwa amewafundisha kusoma na kuandika watoto viziwi wa makabaila wa Hispania, wakati watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba kiziwi hafundishiki. Herufi hizo za mkono mmoja zilifika Ufaransa. Huko Abbé de l'Épée alifungua shule ya Paris katika miaka ya 1760 na kuwapokea maskini kwa matajiri. Mwaka 1817 Laurent Clerc, Mfaransa kiziwi, alishirikiana na Thomas Gallaudet kufungua shule ya Hartford, Marekani. Na mwaka 1957 Andrew Foster, kiziwi na Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington, alifungua shule Accra, Ghana. Hakuishia hapo. Aliendelea hadi shule alizoanzisha barani Afrika zikapita 30, na alifariki Desemba 1987 ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka Rwanda. Mtoto anayeona leo herufi ya vidole ikielea juu ya ukurasa kwenye simu anapokea kitu kilichopitishwa mkono kwa mkono tangu wakati huo, na sehemu kubwa ya waliokipitisha walikuwa viziwi wenyewe.

Safari hiyo ilikatizwa vibaya mara moja. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, ambao wajumbe wake karibu wote walikuwa watu wanaosikia, uliamua kwamba ufundishaji wa kusema kwa mdomo ni bora kuliko alama. Shule nyingi zikazipiga marufuku alama, na walimu viziwi wakapoteza kazi. Watoto waliadhibiwa kwa kuongea kwa mikono. Mwaka 2010 mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio ya Milan na kueleza masikitiko yake kwa madhara yaliyotokea. Miaka 130 ilipita kati ya makosa na masikitiko. Nikiiona programu mpya inayojigamba kumsaidia mtoto kiziwi, huanza kuangalia iko upande gani wa historia hiyo.

Ba, be, bi, bo, bu

Mwalimu wa darasa la kwanza anazijua nguvu za silabi hizi. Kiswahili huandikwa kwa kufuata matamshi kwa karibu sana, kwa hiyo mtoto akizimudu silabi anaweza kulitamka hata neno ambalo hajawahi kuliona, na sikio lake humwambia, ah, kumbe ni lile la nyumbani. Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, ngazi hiyo haina pa kuegemea. “Kaka” na “kata” kwake ni maumbo mawili yanayofanana sana, na hakuna sauti ya kumkumbusha lipi ni la ndugu. Anahitaji njia nyingine ya kulifikia neno: kutoka alama anayoijua, kupitia herufi za vidole, hadi umbo la neno kwenye karatasi.

Kisha kuna viambishi. Angalia “nilikupa” na “ulinipa”. Jicho la anayeanza linaona herufi zilezile zikichezacheza mwanzoni na katikati, lakini tofauti yake ni nani aliyetoa na nani aliyepokea. Katika lugha nyingi za alama jambo hilo huonyeshwa kwa mwelekeo: mkono unatoka kwa mtoaji na kwenda kwa mpokeaji. Kumbe mtoto kiziwi anayejua lugha ya alama tayari ana sarufi hiyo mwilini. Asichokijua ni mahali ilipofichwa ndani ya neno. Hapa naiona nafasi kubwa ambayo watunzi wa programu za Kiswahili wanaweza kuishika. Kiambishi cha mtendaji kipewe rangi moja, cha mtendwa rangi nyingine, na mkono uonekane juu ya neno hilohilo ukisafiri kutoka rangi ya kwanza hadi ya pili. Kitabu cha Ulaya kilichotafsiriwa hakitalifanya hilo, kwa sababu lugha zao hazijalipa tatizo hilo umbo kama letu.

Walimu viziwi walishagundua njia yao muda mrefu. Watafiti waliokaa katika madarasa ya Marekani waliona jinsi mwalimu anavyoligonga neno ubaoni kwa kidole, analitahajia kwa vidole, anatoa alama yake, kisha analitahajia tena, vyote kwa mfululizo mmoja kama mnyororo. Walimu viziwi waliitumia tahajia ya vidole mara nyingi kuliko wenzao wanaosikia. Kwa hiyo mtu anayetengeneza programu ya aina hii asianzie kwenye kompyuta. Akakae nyuma ya darasa la mwalimu kiziwi mzoefu, aone mnyororo huo, ndipo aombe kamera imsaidie kuuiga.

Je, wajua mkalimani anafaa kusimama wapi kwenye kioo cha miwani?

Swali hili lilijitokeza katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimboni Utah, mnamo mwaka 2014. Profesa Mike Jones na wanafunzi wake, baadhi yao viziwi, walitaka watoto viziwi waweze kufuatilia maonyesho ya nyota katika jumba la sayari. Ndani ya jumba hilo taa huzimwa ili anga ionekane, na taa zikizimika mikono ya mkalimani haionekani. Taa zikiwashwa, nyota zinapotea. Wakatengeneza miwani inayomwonyesha mkalimani ndani ya lenzi. Wengi wangetegemea watoto wapende awekwe juu pembeni, asiwazibie. Watoto waliojaribu walipenda awe katikati, ili watazame moja kwa moja kupitia kwake kuelekea kile kinachoonyeshwa. Hawakutaka jicho lisafiri. Kundi hilo lilikuwa pia likifikiria matumizi ya kusoma: mtoto akikwama kwenye neno geni kitabuni, abonyeze kitufe, na maana ya neno imjie ndani ya miwani kwa lugha ya alama.

Jambo hili linaafikiana na mengine yanayojulikana juu ya macho ya viziwi. Watu waliokua viziwi wakitumia lugha ya alama huwa wepesi zaidi kunasa kinachotokea pembezoni mwa macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba viziwi wasomaji hodari hunasa herufi nyingi zaidi kwa mtazamo mmoja kuliko wasomaji wanaosikia wa kiwango kilekile. Uwezo huo una upande wake wa pili: kila kinachochezacheza pembeni ya ukurasa, nyota zinazozunguka, vifungo vinavyoruka, huvuta jicho la mtoto na kumtoa kwenye neno. Programu ya mtoto kiziwi inatakiwa iwe tulivu.

Je, wajua kwamba mbuyu una nafasi yake katika habari hii? Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Gallaudet, mjini Washington, kilitoa hadithi ya kusomwa kwenye kishikwambi iitwayo The Baobab, inayomhusu msichana mdadisi aliyefunga safari. Miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo ni Melissa Malzkuhn, kiziwi aliyezaliwa katika ukoo wa viziwi. Mtoto akigusa neno, anaonyeshwa alama yake na tahajia yake ya vidole. Haikutumia kamera wala uhalisia ulioongezwa, lakini walioitengeneza walimweka msimulizi kiziwi halisi, mwenye uso na pumzi, na sijaona kikaragosi kinachomfikia.

Huko Riyadh, Saudia, watafiti walieleza mwaka 2018 programu yao ya uhalisia ulioongezwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa kusikia wanaojifunza kusoma Kiarabu. Waliipa jina la Word & Sign, na kabla ya kuitengeneza waliwauliza walimu na wazazi wanachokihitaji. Malaysia nako kulikuwa na majaribio ya vitabu vya sayansi vya aina hii kwa wanafunzi viziwi tangu mwishoni mwa miaka ya 2000.

Uso nao ni sarufi

Katika lugha nyingi za alama, kuinua nyusi ndiko kunakoigeuza sentensi kuwa swali la ndiyo au hapana. Kutikisa kichwa kunaikanusha. Mashavu yakijazwa au kubanwa, kitu kinakuwa kikubwa au chembamba. Kikaragosi chenye vidole stadi na uso uliokufa ni sawa na msomaji asiyetofautisha nukta na alama ya kuuliza, na mtoto anayejifunza kwake anajifunza lugha iliyokatwa. Hili ndilo jaribio gumu zaidi kwa watengenezaji wote.

Kwa upande wetu kazi inaendelea, na inaongozwa na watu wa hapahapa. Mjini Nairobi kampuni ya eKitabu ina studio inayorekodi hadithi za watoto kwa Lugha ya Ishara (yaani ya alama) ya Kenya, na wasimulizi ni viziwi wenyewe. Mwaka 2025 mhandisi Mkenya Elly Savatia alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa Terp 360, mfumo unaogeuza maneno kuwa alama kupitia vikaragosi. Hazina ya namna hiyo, video na miondoko ya watu halisi wa hapa, ndiyo itakayoweza kuwekwa juu ya kurasa za vitabu vya shule. Bila hiyo kamera itautambua ukurasa na isiwe na la kusema.

Sheria nazo zimetangulia mahali pengine. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilitaja kukuzwa kwa lugha ya alama kwa viziwi, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia bungeni. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania, ambako shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, imeendelea kuongeza shule na vitengo katika mikoa mbalimbali.

Je, wajua kwamba zaidi ya watoto 9 katika kila 10 waliozaliwa viziwi wana wazazi wanaosikia? Takwimu hiyo imepimwa vizuri Marekani. Wengi wa wazazi hao hawajui alama hata moja siku wanapogundua hali ya mtoto, na miaka ya kwanza, ile ambayo lugha huingia bila kufundishwa, inaweza kupita nyumbani kimya. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto milioni 34 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Hapo ndipo kitabu chenye alama juu yake kinapofundisha watu wawili. Mtoto anajifunza neno. Mama aliyeketi naye anajifunza alama, na kesho anaweza kumwambia kwa mikono kwamba mbwa hayupo chini ya kitanda.

Mzazi au mwalimu anayetaka kuchagua programu ya namna hii aulize mambo machache kabla ya kulipa. Alama zake ni za nchi ya mtoto, au zimeletwa tu kutoka kwingine? Kuna kiziwi aliyeshiriki kuitengeneza, na jina lake limetajwa? Neno, tahajia ya vidole na alama vinaonekana kwa pamoja? Mwendo unaweza kupunguzwa na kurudiwa? Inafanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa, kwa sababu bando likiisha masomo hayapaswi kuisha? Na kama amepata chama cha viziwi karibu naye, kama CHAVITA kwa Tanzania, aende na simu yake huko, amwonyeshe kiziwi mzima anayeijua lugha vizuri, na amwombe aangalie ukurasa mmoja tu. Ndani ya dakika chache atamwambia kama kikaragosi kile kinasema kitu kinachoeleweka.